Mkono Uliofungua Kitambaa

Kule Waithaka, pembeni mwa Nairobi, mwaka wa elfu mbili na sita, ukitaka kujua mwanamke fulani ni nani kanisani hukuwa na haja ya kuuliza jina lake. Ulitazama kichwa tu. Kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, pindo jeupe, fundo kisogoni: huyo alikuwa amemaliza mafunzo, amefungwa kitambaa mbele ya madhabahu na kuingizwa katika Chama cha Akina Mama. Asiyekuwa nacho alikuwa wa kuketi, kuimba na kwenda zake nyumbani.

Vitambaa hivyo vyote vilitoka kwa mkono wa Wanjugu. Alikuwa fundi wa nguo, na chumba chake cha kazi kilikuwa orofa ya tatu ya jengo moja la River Road, katikati ya jiji, cherehani mbili na dirisha lililogoma kufungika tangu siku alipokipanga chumba. Kwa miaka kumi na tisa alivikata na kuvishona. Na kwa miaka saba ya mwisho alikuwa pia mwenyekiti wa Chama chenyewe. Alikuwa mjane mwenye kiwanja chake, mwenye binti mmoja msomi, na maombi yake yalijulikana mpaka mtaa wa Mountain View. Watu walimwita aombe kwenye matanga ya marehemu asiowajua. Akisema tu "Ee Mungu wetu," waliokuwa na chai mkononi waliweka kikombe chini, maana walijua itapoa.

Sasa, Chama kilikuwa na sheria. Binti akipata mimba akiwa bado kwa wazazi, mama yake alivuliwa kitambaa mwaka mzima, kwa sababu ameshindwa kuichunga nyumba yake. Akina baba hawakuwa na kitambaa cha kuvuliwa, kwa hivyo wao waliendelea kuimba besi. Sheria hiyo iliandikwa na Wanjugu mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, na hakuna aliyeipinga. Nani angempinga?

Mwezi wa Juni ikamfikia Veronicah Ajwang. Veronicah alikuwa mtu wa Siaya aliyekuja Nairobi akiwa mke kijana, akabaki peke yake na msichana mmoja, Jackie, na kazi ya kukaanga samaki kando ya Naivasha Road pale Riruta. Alikuwa mama wa kanisa kwa miaka kumi na minane. Jackie naye aliimba alto kwenye kwaya ya vijana, bega kwa bega na Debra wa Wanjugu, mpaka gauni la kwaya lilipoanza kukaza tumboni na watu wakaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Wakamwendea Jumamosi moja saa tisa mchana, wanawake wanne, Wanjugu mbele. Veronicah alikuwa amejua. Aliwapa chai ya maziwa na maandazi, akaketi kwenye stuli akiwa amekifunga kitambaa chake barabara.

"Nimekipiga pasi," akasema. "Nisiwape kitu imekunjana."

Desturi ilikuwa mwenyekiti afungue mwenyewe. Wanjugu alisimama nyuma ya stuli, akatafuta fundo. Lilikuwa limekazwa mno, ikabidi atumie kucha. Akakikunja mara nne, akakitia katika mkoba, na kama ilivyo ada, akasema, "Tuombe."

Katika kanisa lile mwanamke haombi kichwa wazi. Maombi yakimkuta hana kitu, atajifunika leso, hata kitambaa cha kufutia jasho, na akikosa kabisa ataweka kiganja chake juu ya nywele. Wasichana hufundishwa hivyo kabla ya kujua kusoma. Wanjugu alikuwa amefika katikati ya ombi, amewaombea wasafiri na wafungwa, akafungua jicho moja kuangalia kama Nyokabi, katibu wake, amesinzia. Ni tabia ya viongozi. Jicho likaangukia Veronicah. Alikuwa amefumba macho, kiganja cha kulia kimelala juu ya nywele zake zenye mvi, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Hakuwa akimfuata Wanjugu hata kidogo. Alikuwa na maneno yake, na ni dhahiri alikuwa akisikilizwa.

Wanjugu akapotelewa na maneno. Akasema amina palepale, na wenzake wakiwa njiani wakamsifu kwamba leo amefupisha.

Siku iliyofuata, Jumapili, aliamka, akaoga, akavaa, akasimama mbele ya kioo kufunga kitambaa chake. Alipoinua mikono kukaza fundo aliuona mkono wake wa kulia kwenye kioo, na zile kucha. Akaona aibu, aibu ya kweli. Akakaa kitandani.

"Siendi," akakiambia kioo.

Na hakwenda. Wala hakwenda Jumapili iliyofuata. Maneno yakaanza kutembea kuliko miguu. Wengine walisema amepoa, wengine amejiunga na watu wasiotumia dawa za hospitali, na kundi moja lilikuwa na hakika kwamba ana mwanamume Mountain View. Hilo la mwisho lilimchekesha mpaka akashika mbavu, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye magoti yanayolia akipanda ngazi.

Kilichomtisha si maneno ya watu. Kilichomtisha ni kwamba hakujua kuomba. Jumapili ya kwanza alipiga magoti sebuleni peke yake, akafumba macho, akaanza kwa sauti yake ya kipaza sauti, na kabla hajajizuia akawa amewashukuru wageni waliotoka mbali. Akafumbua macho. Mbele yake palikuwa na kabati la vyombo. Akajaribu tena, na tena akajikuta akipanga maneno kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo. Miaka yote hiyo alikuwa akizungumza na nani? Alilia kidogo. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa na pambo lolote: "Bwana, nisamehe huu mkono." Alipoinuka aligundua hilo ndilo ombi lake la kwanza kwa muda ambao hakuweza kuukadiria, na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Tangu hapo akawa anasoma Biblia yake asubuhi bila mpango wa kamati, anasoma habari za Yesu polepole, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayesoma barua. Alishangaa jinsi Bwana huyo alivyopenda kuingia katika nyumba ambazo watu wa heshima walizipita. Alikuwa amezisoma habari hizo mara nyingi. Alikuwa amezifundisha, tena kwa chaki.

Jumapili ya tatu akachukua mkoba wenye kitambaa, akaenda nyumbani kwa Veronicah kule Riruta. Veronicah alimkuta mlangoni.

"Mama Jackie, nimekuletea kitambaa chako."

Veronicah akautazama mkoba, akamtazama na mwenye mkoba.

"Mama Debra, kama ni wewe umekuja, karibu ndani. Kama ni kitambaa ndio imekuja, rudi nayo."

Wanjugu akasimama pale, mkoba kifuani. Kisha akaushusha, akavua viatu, akaingia.

"Nilikukosea," akasema kabla hajaketi.

"Ulinikosea," akajibu Veronicah. "Kunywa chai."

Hivyo ndivyo Jumapili zake zilivyopata mahali. Walichambua omena, wale dagaa wa ziwani, wakatoa mawe na uchafu, wakaongea. Wakati mwingine mmoja wao aliomba, maneno mawili matatu, vidole bado vikinuka samaki. Hakuna aliyehubiri. Jackie alikuwa anakuwa mzito, na Wanjugu alimshonea magauni mawili mapana yenye mifuko, maana alijua mjamzito hutaka mahali pa kuweka vitu vyake. Kitambaa kilibaki ndani ya mkoba, na mkoba ulining'inia kwenye msumari nyumbani kwa Wanjugu.

Yote hayo yangeendelea kimyakimya kama si harusi ya Debra.

Debra alikuwa na miaka ishirini na sita, anafanya kazi katika kampuni moja ya bima mjini, na alikuwa ameposwa na Nashon, mwalimu wa hisabati kutoka Vihiga, kijana mtaratibu. Siku ilikuwa imepangwa: Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kanisani. Mwezi wa Oktoba Mchungaji Mbuthia akapanda ngazi zote tatu za River Road, akafika akitweta, akapewa stuli na maji.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kamati.

"Mama Debra, mama wa bibi harusi ndiye anasimama mbele na mtoto. Lakini wewe sasa hauko. Kamati inasema, rudi Jumapili moja tu. Funga kitambaa, useme ulikosea kuacha wadhifa, tukuombee, imeisha. Usiporudi, harusi itaendelea, lakini itabidi Nyokabi asimame mahali pako."

Wanjugu alizima cherehani. Wazo la Nyokabi kumshika Debra mkono lilimchoma. Tangu mumewe afariki alikuwa akiiwaza siku hiyo, hata hatua za kutembea alikuwa amezihesabu.

"Na Mama Jackie?" akauliza.

"Huyo bado ana miezi. Sheria ni sheria. Na wewe ndiye uliiandika."

"Ndiyo, Mchungaji. Ndiyo maana najua ni mbaya."

Mchungaji akanywa maji. "Usimwache Mungu kwa sababu ya watu, mama."

"Sijamwacha. Nimemkuta. Ukweli nikuambie, huko mbele nilikuwa nimeketi nikimpa mgongo." Alisema hivyo bila ukali, na mwenyewe akashangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Mimi kanisa sijalichukia. Siku Mama Jackie akirudishiwa heshima yake mbele ya wote, na ile sheria ikachanwa, nitakuja na nitaketi popote. Lakini kufunga kitambaa niseme nilikosea kuondoka, hapana. Kosa langu halikuwa hilo."

Mchungaji alishuka ngazi polepole kuliko alivyopanda.

Debra alisikia habari hizo siku mbili baadaye, alipokuja saa ya chakula cha mchana kupima gauni. Alisimama juu ya kibao katikati ya chumba, satini nyeupe imemwagika mpaka sakafuni, na mama yake amepiga magoti chini, midomo imejaa pini.

"Mum, ni dakika mbili. Unafunga, unasema sorry, unafungua. Hata Mungu anajua haumaanishi."

Wanjugu akatoa pini mdomoni. "Ndio shida. Yeye atajua."

"Mimi nimeimba hapo tangu nikiwa na miaka sita! Nataka niolewe hapo, na wewe ukiwa hapo. Ni kitu kubwa sana naomba?"

"Si kubwa. Ni haki yako." Akapima pindo, akachoma pini. "Lakini nikikifunga, nitakuwa nimeenda kwa Mama Jackie mara ya pili, nikamfungulia kichwa tena. Siwezi, mama."

"Basi Nyokabi atasimama na mimi."

Ilimuuma. Alishika pindo kwa nguvu mpaka satini ikakunjana, kisha akalinyoosha kwa kiganja.

"Asimame. Mimi nitaketi nje kwenye nyasi, nisikilize kwa dirisha. Na gauni utavaa hili hili, na nitalishona vizuri kuliko nguo yoyote nimewahi kushona. Sitakukasirikia, Debra. Hata kidogo."

Hilo ndilo lililomuudhi Debra zaidi. Mtu akikasirika unaweza kugombana naye. Alivaa nguo zake za ofisini, akaondoka bila kuaga, na kwa wiki tatu mazungumzo yao nyumbani yalikuwa ya chumvi iko wapi na maji yamepotea saa ngapi.

Mwezi wa Novemba Jackie akajifungua msichana. Jumapili iliyofuata Wanjugu alikuwa anafunga kifurushi cha nguo za mtoto alizoshona kwa mabaki ya satini, Debra akatokea chumbani amevaa viatu.

"Naenda na wewe," akasema, shingo upande. "Jackie alikuwa rafiki yangu."

Walipofika, Jackie alikuwa ameketi kitandani akinyonyesha. Alimwona Debra, akatabasamu bila kinyongo, jambo ambalo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko tusi.

"Bibi harusi! Mmechagua wimbo gani ya kuingia?"

Debra akaketi ukingoni mwa kitanda. Jackie alikuwa awe msimamizi wake wa harusi. Kamati ilipolifuta jina lake, Debra hakusema lolote. Alimweka binamu yake mahali pale, na tangu Juni hakuwahi hata kumtumia Jackie ujumbe wa simu.

"Ni nani wamekuja kukuona?" akauliza hatimaye.

"Wa kanisa? Ni mama yako tu." Jackie alisema hivyo akimtengeneza mtoto, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kila Jumapili. Hata ile siku ya mvua kubwa alikuja, viatu mkononi."

Akamnyooshea mtoto. Debra akampokea, akamshika vibaya, akarekebishwa, akamshika tena. Alikaa naye muda mrefu, na alipomrudisha macho yake yalikuwa mekundu.

Wakarudi Waithaka kwa miguu, mama na binti. Walikuwa wamepita vibanda vya seremala Debra alipouliza, "Mum, ile siku. Ulikifungua na mkono yako?"

"Na mkono wangu."

"Na baada ya hapo ukaomba?"

"Nikaomba. Kwa sauti."

Debra akatangulia mbele. Penye lango lao akasimama, mkono juu ya komeo.

"Jackie atakuwa msimamizi wangu. Hapo kanisani hawatakubali, kwa hivyo nitaongea na Nashon. Yeye tangu mwanzo alisema hata Sheria House, kwa msajili wa ndoa, ni sawa." Akafungua lango. "Na wewe usijaribu kukaa kwa nyasi. Gauni yako umeanza kushona ama bado?"

Bado. Wanjugu alianza siku hiyohiyo.

Ijumaa ya mwanzo wa Desemba waliingia Sheria House saa nne asubuhi, wakatoka saa nne na dakika ishirini wakiwa mke na mume, na Nashon akapiga saini vizuri kama anasahihisha mtihani. Kesho yake, Jumamosi ileile iliyokuwa imepangwa tangu mwanzo, watu arobaini walikusanyika katika kiwanja cha Wanjugu chini ya hema la kukodi. Jackie alisimama kando ya Debra kwa gauni lenye mifuko. Mchungaji Mbuthia hakuja, lakini alituma saa ya ukutani imefungwa kwa karatasi ya maua, na Wanjugu aliitundika palepale, akafurahi kwa dhati. Nyokabi alikuja kichwa wazi. Alisema tu kwamba jua lilikuwa kali na kitambaa kinaleta joto, na Wanjugu akamkumbatia asimuulize zaidi.

Kabla ya chakula zikahitajika baraka. Kila mtu akamgeukia Wanjugu, na wenye chai, kwa mazoea, wakaweka vikombe chini.

Wanjugu akasimama. Gauni lake la kijani lilimkaa vyema, na kichwa chake kilikuwa wazi, nywele zimesukwa mistari.

"Leo ataomba Mama Jackie," akasema.

Veronicah alikuwa ameketi karibu na maharusi, mjukuu mikononi, amelala. Aliinuka taratibu. Mtoto alikuwa amejaza mikono yote miwili. Watu wakafumba macho. Veronicah akataka kuinua kiganja cha kulia, mtoto akashtuka na kuguna, akaurudisha mkono haraka. Akajaribu wa kushoto. Haikuwezekana. Akasimama pale, kichwa wazi, akitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu Juni uso wake ulionekana wa mtu asiyejua afanye nini.

Kitambaa kilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba uko mezani, hatua tatu tu. Wanjugu aliutazama, akauacha.

Akaenda nyuma ya Veronicah, akasimama mahali palepale aliposimama siku ile, akaweka mkono wake wa kulia juu ya zile nywele zenye mvi. Zilikuwa na joto la jua. Alihisi Veronicah akishusha pumzi, mabega yakilegea.

"Mungu," Veronicah akasema, "watoto ndio hawa. Wapendane. Na sisi asante kwa vile umetufikisha. Amina."

Ombi lilikuwa fupi hata chai haikupata muda wa kupoa. Watu wakaitikia amina, wakacheka, wakaanza kutafuta sahani. Wanjugu hakuuondoa mkono wake mara moja, na Veronicah hakumwambia auondoe.